Nyuzi 5 za Makete zinaumaje kuliko hasi 28 za Edmonton? Na fukuto la Dar tuliweke wapi?

#1 Kabwela wa Sinza
Wakuu, salaam. Kaka yangu anaishi Edmonton, Canada. Januari ananitumia picha yuko kituo cha basi, kope zimeshika barafu, nyuzi hasi 28, anacheka. Juni akaja likizo tukaenda Makete, kule nyanda za juu mkoani Njombe, kwa mama mkubwa. Usiku wa kwanza simu inasema nyuzi 5. Huyo huyo wa hasi 28 alilala na koti, soksi mbili mbili na blanketi juu ya blanketi, na asubuhi akaapa hajawahi kupigwa na baridi ya namna ile. Mama mkubwa alimshangaa kwelikweli.

Sasa hivi ni Februari, niko Sinza, saa tano usiku, feni iko namba ya mwisho na shuka limelowa. Simu inasema nyuzi 29. Kaka anasema kwao kiangazi kinafika 30 na watu wanajilaza kwenye majani kuota jua.

Sasa hizi nyuzi zinapima nini? Mimi nasema baridi ya Makete ni kali kuliko ya Canada, na 29 ya Dar ni kali kuliko 30 ya kwao. Anayepinga aje na hoja.

#2 Mwana wa Bulongwa
Karibuni kwetu. Mmekuja Juni, mwezi wenyewe huo. Mngekuja Januari mngeondoka mnasifia maua ya Kitulo. Juni na Julai sakitu inaanguka: alfajiri shamba la viazi ni jeupe lote, jua likipanda majani yanageuka meusi na yananyauka, msimu umekwisha. Na hapo mlikuwa mjini. Kule juu Kitulo, mita 2,600 na zaidi, nyuzi 5 ni usiku wa kupumzika.

#3 Fundi Dari
Mkuu #1, kaka yako hajawahi kulala kwenye hasi 28. Amelala kwenye 21.

Nyumba za kule ukuta wake ni mbao, katikati wamejaza sufi ya fibaglasi, dirisha lina vioo viwili au vitatu vyenye nafasi kati yake, na chini ya nyumba kuna tanuri la gesi linalopuliza hewa ya moto kila chumba. Ile hasi 28 anaionja akienda kituoni. Kwa mama mkubwa ni tofali moja la kuchoma, bati juu bila dari, na kati ya ukuta na bati kuna uwazi unaopitisha mkono. Ikifika saa kumi alfajiri, chumbani na uani ni nyuzi zile zile.

Edmonton unatoka kwenda kwenye baridi. Makete unalala nayo.

#4 Mama Junior, Winnipeg
Fundi amesema kweli, ila msije mkadanganya watoto wa watu kwamba huku hakuna baridi. Hasi 28 yenye upepo, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, wakati mwingine dakika kumi tu. Ukivuta hewa unasikia vinyweleo vya puani vinashikana. Gari usiku tunalichomeka kwenye umeme, kuna kifaa kinapasha injini, la sivyo asubuhi haliwaki. Kuna watu hapa wamekatwa vidole. Makete kuna aliyekatwa kidole kwa baridi? Naomba jibu.

#5 Mwana wa Bulongwa
Hakuna. Lakini kichomi kipo, na watoto wachanga ndio wanaoumia.

#6 Binti Kisauni
Nyote mwazungumza baridi. Baridi ina dawa: vaa. Hili joto letu la Mombasa utavua nini, ngozi? Mwezi wa tatu kaskazi likikatika na kusi halijaingia, yale maleleji, hewa husimama wima. Nguo waanika asubuhi, jioni bado ina ubichi. Watoto wote wana harara shingoni. Mtu aniambie la nyuzi 5 wallahi nampa nauli tubadilishane.

#7 Mtoto wa Limuru
Binti Kisauni, usiombe. Nairobi mwezi wa saba jua linajificha wiki nzima, asubuhi ni nyuzi 11 au 12, ndani ya nyumba sakafu ni tailsi na hakuna hita. Limuru ndiyo usiseme. Unaenda kazini na sweta mbili, mchana inapanda 20 na bado hujavua. Jamaa zetu wa Uingereza wakija Julai wanatetemeka kuliko sisi. Kwa hiyo naunga mkono #3, nyumba zetu zilijengwa kana kwamba jua halitakosekana.

#8 Muuguzi wa Birmingham
Niruhusuni niongeze kitu ambacho hamjakigusa: unyevu. Huku Birmingham baridi ni nyuzi 4 tu, mara chache inashuka chini ya sifuri, lakini unyevu ni asilimia 95. Dar ina 80. Yaani huku hewa ina maji kuliko pwani! Ndiyo maana baridi ya Uingereza inaingia mpaka kwenye mifupa, wakati ile ya Canada ni kavu. Dada yangu wa Calgary alikuja Desemba akalia. Na Makete nayo si ina ukungu?

#9 Mwalimu wa Fizikia
Muuguzi, hapo kwenye asilimia naomba tusimame kidogo.

Ile asilimia haisemi hewani kuna maji kiasi gani. Inasema hewa imejaa kiasi gani kulingana na uwezo wake, na hewa ya baridi uwezo wake ni mdogo sana. Hewa ya nyuzi 30, mita moja ya ujazo, inaweza kubeba kama gramu 30 za mvuke. Hewa ya nyuzi 4 haifikishi hata gramu 7. Kwa hiyo Birmingham yenye asilimia 95 ina gramu 6 hivi. Sinza usiku huu, nyuzi 29 na asilimia 80, ina gramu 23. Karibu mara nne.

Na huo mvuke kidogo wa Birmingham haubadilishi sana jinsi hewa inavyopitisha joto. Kwa hiyo "hewa yenye maji inanyonya joto mwilini" haiwezi kuwa maelezo ya baridi.

Kwenye joto ni habari nyingine kabisa. Mwili unazalisha joto muda wote, hata umelala ni kama wati 70 au 80, na lazima litoke. Hewa ikikaribia nyuzi za ngozi, ambazo ni kama 35, njia kubwa inayobaki ni jasho. Jasho linalodondoka halikupozi. Linalokauka ndilo linaloondoka na joto, kila gramu kama kilojuli 2.4. Hewa ya Dar imeshakaribia kushiba, jasho halina pa kwenda, ndiyo maana shuka lako limelowa na wewe hujapoa.

Waliokaa Dodoma wanajua maji ya mtungi kule yanavyokuwa ya baridi mchana wa jua kali. Chukua mtungi ule ule upeleke Tanga mwezi wa pili: unatoa jasho nje, maji ndani vuguvugu. Mwili wako ni huo mtungi.

#10 Kabwela wa Sinza
Mwalimu shukrani, nimekuelewa. Kumbe 30 ya kaka haina maji?

#11 Mwalimu wa Fizikia
Inayo, ila kidogo. Funga kitambaa kibichi kwenye kipimajoto, kipepee, usome kinaposhuka na kutulia. Hicho ndicho kipimo kinachokaribia kile mwili unachokipata. Mchana wa nyuzi 30 wenye unyevu wa asilimia 30, ambao ni wa kawaida Edmonton, kitambaa kitashuka mpaka 18 hivi. Sinza yako ya 29 kitambaa kinakwama 26. Na jua likizama, hewa yenyewe kule inashuka mpaka 13 au 14, yako usiku kucha iko 26 au 27.

#12 Muuguzi wa Birmingham
Hesabu nimeiona Mwalimu, lakini hesabu haikuvaa koti langu. Kwenye nyuzi 2 kinachoanguka ni mvua au theluji iliyoyeyuka. Koti la sufi linakunywa, viatu vinakunywa, glavu zinalowa, na nguo iliyolowa haikulindi tena. Ukifika nyumbani unaanika kwenye rejeta ya kupasha nyumba na kesho asubuhi bado haijakauka. Kwenye hasi 15 theluji ni vumbi, unajipangusa mlangoni inaanguka. Hiyo ndiyo tofauti ya baridi ya maji na baridi kavu, na ninaiona kwa wazee tunaowapokea wodini.

#13 Mama Junior, Winnipeg
Hilo la theluji kuwa vumbi ni kweli tupu. Watoto wanarudi shule wamejaa theluji, wanakung'uta, nguo kavu. Mwezi unaosumbua ni wa tatu na wa nne inapoanza kuyeyuka. Nyuzi 1, kila kitu kimelowa, na mtu ameshavua koti kubwa kwa sababu kalenda inasema majira yamegeuka.

#14 Dereva wa Nyanda za Juu
Mnajadili maji mmesahau upepo. Simama Makambako saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba kusubiri gari la Njombe, ndipo utajua. Ule upepo unapita kwenye zipu. Nyuzi zinaweza kuwa 8 na mtu analia machozi.

#15 Mwalimu wa Fizikia
Dereva ana hoja nzito kuliko zote mpaka sasa. Mwili ukitulia unajivika tabaka jembamba la hewa ya moto juu ya ngozi. Upepo unalibeba. Marekani na Canada walitengeneza upya kanuni yao ya upepo na baridi mwaka 2001, na ukiitumia: nyuzi 5 zenye upepo wa kilomita 30 kwa saa ngozi inazipata kama sifuri. Hasi 10 kwa upepo huo huo ni kama hasi 20.

Uwazi wa Fundi kati ya ukuta na bati, je? Upepo unapita humo humo.

#16 Chogo
Sasa mtu wa Makete anaogaje? Nauliza kwa heshima.

#17 Mwana wa Bulongwa
Tunachemsha maji kama watu wote. Nyie wa Dar mnaoga mara tatu kwa siku na bado mnanuka jasho, tuwaulize nini?

#18 Chogo
😂😂 Nimekoma mkuu.

#19 Binti Kisauni
Mlivyogusa kuoga, mie niliolewa na mtu wa Njombe. Safari ya kwanza kwao nilibeba mafuta yangu ya nazi. Asubuhi chupa imeganda nyeupe tupu, hayatoki hata uitikise. Mama mkwe akaiweka juani dirishani ndipo yakalegea. Nikajua hapa si kwetu.

#20 Mwalimu wa Fizikia
Mafuta ya nazi yanaganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kwa hiyo chupa ikiwa nyeupe, ujue tu chumba kimeshuka hapo. Hata Dar yanaweza kuganda, usiku wa Julai.

#21 Bint Maskati
Assalaam alaykum. Nasoma kimya muda mrefu lakini kwenye joto naona bado hamjafika. Mimi mzaliwa wa Unguja, niko Maskati tangu nimeolewa.

Joto la Dar au Unguja lina mwisho, likikuzidi unatafuta kivuli na upepo wa bahari. Huku mwezi wa sita upepo wenyewe ndio moto. Mwaka 2018, tarehe 26 Juni, mji wa Quriyat hapa pwani, nyuzi hazikushuka chini ya 42.6 kwa saa 24. Yaani alfajiri, watu wanaamka kuswali, ni 42.6. Milima yetu ni mawe matupu, mchana inakula jua na usiku inalitema.

Mgeni akija kwangu namfundisha jambo moja: bomba la maji baridi usiliguse mchana. Tangi liko juu ya paa, maji yake yanaunguza. Wengi tunazima hita mwezi wa tano, maji yaliyokaa ndani ya hita yanapoa kwa kuwa liko ndani ya nyumba, basi bomba jekundu ndilo linakuwa la baridi mpaka mwezi wa tisa. Na ukitoka dukani mwenye miwani asimame kwanza mlangoni, maana vioo vinapata ukungu huoni gari.

#22 Mama Junior, Winnipeg
Bint Maskati, huku miwani inapata ukungu tukiingia ndani!

#23 Mlinzi wa Lindo, Doha
Dada wa Maskati umesema ya ndani ya nyumba, ngoja niseme ya nje. Nimefanya kazi ya kusimama geti. Sheria ya hapa Qatar tangu 2021 inakataza kazi za juani kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Ni sheria nzuri. Lakini watu wakisikia hivyo wanadhani usiku ni nafuu.

Agosti na mwanzo wa Septemba usiku ndiyo mtihani. Nyuzi zinashuka 33, halafu unyevu wa bahari unapanda. Unasimama umevaa sare nzito ya mikono mirefu, maji yanatiririka mgongoni mpaka kwenye buti. Jamaa mmoja wa Bujumbura tuliyekuwa naye zamu alianza kuongea maneno yasiyoeleweka, hatoki tena jasho, tukamvua tukammwagia maji na kumpeleka hospitali. Kampuni tuliyokuwa nayo ilimkata siku ile kwenye mshahara. Alipona, alhamdulillah. Ndiyo maana mtu akiniambia "joto lile utazoea" sipendi.

#24 Mwalimu wa Fizikia
Pole sana Mlinzi. Mlichofanya ndicho kilichomwokoa. Kuchanganyikiwa kwenye joto kali ni dharura, si uchovu: mpoze hapo hapo kwa maji na kumpepea huku msaada unaitwa.

Kuhusu mpaka wa mwili. Mwaka 2010 Sherwood na Huber waliandika kwamba kitambaa kibichi kikisoma 35, hata mtu mzima wa afya, aliye uchi kivulini mbele ya feni, hawezi kupoa, akikaa hivyo saa kadhaa anaweza kufa. Jacobabad ya Pakistan na Ras al Khaimah ya Falme za Kiarabu vipimo vimewahi kugusa hapo kwa muda mfupi. Kisha mwaka 2022 watafiti wa chuo kikuu cha Penn State Marekani wakachapisha majaribio ya vijana wenye afya: wengi joto la mwili lilianza kupanda bila kusimama kitambaa kikiwa kwenye 31 tu, au chini yake. Huo si umbali mkubwa kutoka 26 ya Sinza.

#25 Dkt. Kijiweni
Uzi mzuri. Mnaulizana kipi kikali, mimi ngoja nilete vifo, maana navyo vina utata wake. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa vifo milioni 74 katika nchi 13, kati ya 1985 na 2012. Vilivyohusishwa na baridi vilikuwa asilimia 7.29. Vya joto, 0.42. Na sehemu kubwa ya vile vya baridi havikutokea siku za baridi ya kutisha, vilitokea siku za baridi ya kawaida: damu inakuwa nzito, mishipa inabana, presha inapanda, moyo unachoka.

Kwa hiyo kama ni kuua, baridi ndogo ndogo inaua kimya kuliko vyote. Hii inampa nguvu Kabwela na Makete yake.

#26 Binti Kisauni
Daktari, hizo nchi 13 Kenya imo? Tanzania imo?

#27 Dkt. Kijiweni
Hapana. Hakuna hata nchi moja ya Afrika. Zimo Uingereza, Marekani, Japani, Brazili, Thailand na nyinginezo.

#28 Binti Kisauni
Basi hizo ni hesabu za wenye viyoyozi. Kwetu mzee akifariki mwezi wa tatu watu husema ni presha, wakamzika. Nani aliandika joto kwenye cheti?

#29 Muuguzi wa Birmingham
Na Ulaya nako joto likiwakuta hawajajiandaa linaua. Kiangazi cha 2003 vifo vya ziada Ulaya vilipita 70,000. Hapa Uingereza tarehe 19 Julai 2022 ilifika 40.3 pale Coningsby, nyumba zetu hazikujengwa kwa joto la namna hiyo, nyingi hazina feni, dirisha linafunguka nusu. Wagonjwa wazee walikuwa wanaletwa hawajanywa maji siku nzima. Hiyo 40 Bint Maskati angeichekea.

#30 Bint Maskati
Sicheki kabisa. Nyumba isiyo na AC kwa 40 mimi pia silali.

#31 Mzee wa Likasi
Jambo kwenu wote. Mimi naishi Lubumbashi. Huku mwezi wa sita na wa saba usiku inashuka chini ya 10, mbingu safi, nyota zote ziko wazi. Mchana jua linawaka, watu wanakaa nje ukutani, baridi inakwisha. Nimekaa pia Goma, kule kunakuwa mawingu na mvua, nyuzi ni 15 au 16 na unasikia baridi kuliko Lubumbashi ya mchana wa 15. Kwa hiyo mimi ninasema ni jua. Hamjasema kitu kuhusu jua.

#32 Mtoto wa Limuru
Mzee, hapo ndipo Nairobi ya Julai. Nyuzi 18 yenye jua ni tisheti. Nyuzi 18 yenye wingu ni koti.

#33 Fundi Dari
Jua mchana, sawa. Usiku je? Mzee ametaja nyota na mimi nimefanya kazi Njombe, nieleze nilichokiona.

Usiku wa nyota hakuna wingu la kurudisha joto, kila kitu kinachotazama juu kinalitoa joto lake angani, bati kwanza. Bati linapoa kuliko hewa inayolizunguka. Watu chumbani wanapumua, mvuke unapanda unagonga bati, alfajiri matone yanadondoka kitandani. Nimeitwa zaidi ya mara moja kuziba bati "linalovuja" wakati mvua haijanyesha tangu Mei. Hakuna tundu. Ni pumzi zao.

Sasa fikiria umelala chini ya bati hilo, uso unalitazama. Mwili nao unatoa joto kwenda kwenye kile kitu cha baridi kilicho juu yako, hata kama hewa chumbani ni 7. Ndiyo maana nasema kaka yake Kabwela hakupigwa na nyuzi 5, alipigwa na bati. Weka dari, hata la mbao nyembamba au la gypsum, usiku utauona mwingine.

#34 Fundi Dari
Na bati hilo hilo ndilo linalowachoma Dar mchana. Ukiingia nyumba ya bati bila dari saa nane mchana, joto linakuja kichwani kutoka juu.

#35 Mkaazi wa Shangani
Fundi, wazee wetu Unguja walilijua hilo mapema. Nyumba za Mji Mkongwe ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, nusu mita au zaidi, dari refu, boriti za mikoko, vichochoro vyembamba ili nyumba moja iifunike mwenzake kivuli. Mchana ndani kunakuwa na ubaridi. Siku hizi mtu anajenga ghorofa la saruji, vioo vinaelekea magharibi, halafu analalamika umeme unaisha.

#36 Bint Maskati
Kweli lakini Shangani, ukuta mnene usiku wa Februari nao hauachii joto. Nyanyangu alikuwa analala juu ya paa.

#37 Mkaazi wa Shangani
Kwenye kaskazi ndiyo, paani kuna upepo.

#38 Kabwela wa Sinza
Wakuu, nimempigia kaka nikamsomea. Anasema ya nyumba ni kweli, kwake Januari anakaa na tisheti. Ila anaongeza kwamba Makete hakukuwa na pa kukimbilia: Edmonton ukizidiwa unaingia dukani, kwenye treni, kwenye maktaba, popote kuna joto. Makete ilikuwa baridi kitandani, baridi mezani, baridi chooni, na moto uko jikoni peke yake, nje. Kwa siku zote alizokaa hakupata saa moja ya kupashika vizuri.

Lakini kuna mtu kaniambia ni kuzoea tu. Mama mkubwa ana miaka 70, anatembea na kanga na sweta.

#39 Dkt. Kijiweni
Kuzoea kupo, na kwa joto kunajulikana vizuri. Mgeni akifanya kazi kwenye joto, ndani ya wiki moja hadi mbili damu inaongezeka maji, jasho linaanza mapema na linatoka na chumvi pungufu. Kwa baridi mwili una uwezo mdogo wa kujibadili, binadamu anajitetea zaidi kwa nguo, moto na chakula. Mama mkubwa anakula ugali na viazi, anatembea milima, na anajua saa za kuwa jikoni.

#40 Mama Junior, Winnipeg
Daktari, basi mbona kaka mtu aliyekaa kwenye baridi kali miaka yote alishindwa 5? Kama ni kuzoea angekuwa wa kwanza kucheka.

#41 Dkt. Kijiweni
Kwa sababu alichozoea ni 21 ya ndani. Namrudishia Fundi.

#42 Dereva wa Nyanda za Juu
Na mimi nawarudishia upepo. Nimelala Makambako kwenye gesti yenye dari, bado ni baridi.

#43 Muuguzi wa Birmingham
Naomba niweke hili kabla hatujasahau, kwa ndugu zetu wa Makete, Limuru na popote: jiko la mkaa lisilale chumbani. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksidi, haionekani, harufu haina, na inakulaza usiamke. Usilitumie hata kupasha chumba kwa muda mfupi, liache nje. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuvikwa kitambaa miguuni inafanya kazi na haiui mtu.

#44 Mwana wa Bulongwa
Hilo Muuguzi umesema jambo kubwa. Kila msimu tunazika watu.

Fundi, ninajenga vyumba vitatu, kenchi zimeshapanda, bati bado. Dari la gypsum na la mbao lipi linafaa kwa ubaridi wetu? Na ule uwazi wa juu ya ukuta nizibe wote?

#45 Fundi Dari
Ziba, lakini acha matundu madogo yenye wavu pande mbili zinazotazamana, juu ya dari, hewa ipite kati ya dari na bati, la sivyo yale matone yataozesha mbao. Gypsum inavimba ikipata maji, kwa hali ya kwenu mbao ni salama zaidi. Ukipata sufi ya fibaglasi itandaze juu ya dari. Ikikosekana, hata mifuko iliyojazwa maranda makavu ya mbao inasaidia, ila uweke mbali na nyaya za umeme na bomba la moshi la jiko.

#46 Mzee wa Likasi
Na dirisha moja kubwa upande wa kaskazini, mwanangu. Mwezi wa sita jua liko kaskazini, acha liingie ndani mchana wote.

#47 Dereva wa Nyanda za Juu
Kaskazini kwake ndiko unakotoka upepo au ndiko kuna mlima? Aangalie hilo kwanza kabla hajafungua dirisha.